Kidonge cha Kila Siku na Mfuko wa Msimu: Historia ya Gharama za Kukinga Kipandauso Nachingwea na Ruangwa

Kiswahili kimekuwa na neno kipandauso tangu zamani. Ni maumivu makali ya kichwa ambayo mara nyingi hushika upande mmoja, hupiga kwa kufuata mapigo ya moyo, huleta kichefuchefu na humfanya mgonjwa aukimbie mwanga na kelele. Yanaweza kudumu saa nne, yanaweza kudumu siku tatu. Yakisha, mtu huonekana mzima kabisa, na hapo ndipo tatizo lake la kijamii linapoanzia: jirani aliyemwona jana amelala gizani, leo anamwona shambani, na kesho kutwa anaanza kusema kwamba yule ni mvivu.

Tathmini ya kimataifa ya mzigo wa magonjwa ya mwaka 2016 ilikiweka kipandauso katika nafasi ya pili duniani miongoni mwa magonjwa yanayowafanya watu waishi wakiwa na ulemavu wa muda au wa kudumu. Tafiti za nyumba kwa nyumba zilizofanyika vijijini hapa Tanzania, kusini na kaskazini, nazo zilionesha kuwa ugonjwa huu si adimu kwetu na kwamba wanawake huugua zaidi ya wanaume. Hata hivyo, katika mijadala yetu juu ya gharama za afya hautajwi kamwe. Tunazungumza juu ya malaria, UKIMWI, uzazi, saratani na figo. Ugonjwa usioua hauna mwombolezaji.

Katika makala haya nataka kuuliza swali dogo: mkulima wa Nachingwea au Ruangwa anayeshikwa na kipandauso mara nne au tano kwa mwezi hulipa nini ili akikinge kisimrudie? Nasema kukikinga, si kukituliza kikishafika. Swali hili haliwezi kujibiwa kwa kutazama bei ya dawa peke yake. Linahitaji historia, kwa sababu kila kipindi katika wilaya hizi kimekuwa na jibu lake juu ya nani alipie tiba, na tiba ya nini.

Tiba ya nguvukazi na tiba ya misheni

Nachingwea iliingia katika ramani ya dunia kwa sababu ya karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, na serikali yake ikabuni mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika. Maeneo matatu yalichaguliwa: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Misitu ilifyekwa, bandari ya Mtwara ikajengwa, reli ikatandikwa kuelekea bara. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, na walipakodi wa Uingereza wakabaki na hasara ya zaidi ya pauni milioni 36. Reli yenyewe ilifungwa mwaka 1962.

Mpango ule ulikuja na huduma za tiba kwa wafanyakazi wake, kama ilivyokuwa desturi ya mashamba makubwa na migodi ya wakati ule. Mantiki yake ilikuwa wazi. Mtu alitibiwa kwa kuwa mkono wake ulihitajika kazini. Jeraha lilitibiwa, homa ilitibiwa, na aliyepona alirudi kwenye trekta au jembe. Maumivu yanayokuja na kuondoka, yasiyoacha kidonda wala joto mwilini, hayakuwa na nafasi katika hesabu hiyo. Kulalamika kichwa kulikuwa karibu sawa na kutega kazi.

Pembeni mwa mpango huo kulikuwapo tiba ya namna nyingine. Huko Mnero, katika eneo la Nachingwea, misheni ya Wabenediktini iliendesha hospitali, na kuanzia mwaka 1949 daktari wake alikuwa Leader Stirling, Mwingereza aliyekuwa amefika Masasi mwaka 1935 na kufanya kazi Lulindi. Stirling alikaa Mnero takriban miaka 15. Aliingia bungeni mwaka 1958, akachukua uraia wa nchi hii, na kati ya mwaka 1975 na 1980 Mwalimu Nyerere alimkabidhi Wizara ya Afya. Ni jambo la kutafakari kwamba waziri aliyesimamia tiba bila malipo katika miaka yake ya kilele alijifunza hali ya mgonjwa wa kijijini hapahapa kusini, mahali ambapo mtu alitembea siku nzima kumfikia daktari.

Wengi hawakutembea. Kwa maumivu ya kichwa walikuwa na waganga wao, walikuwa na chale za kwenye paji, walikuwa na kuumikwa kwa chuku na majani ya kujifukiza. Tusiyadharau haya. Yalikuwa na sifa moja ambayo hospitali zetu zimeshindwa kuipata hadi leo: mganga alikubali kulipwa kwa kuku, kwa mtama, au kwa ahadi ya baada ya mavuno.

Miaka ya tiba bila malipo

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilibadili swali. Tiba sasa ilikuwa haki ya mwananchi. Nchi iliyokuwa na vituo vya afya 22 wakati wa uhuru ilikuwa na zaidi ya 200 ilipofika mwaka 1980, na zahanati ziliongezeka kwa kasi hasa baada ya watu kuhamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Mwaka 1977 sheria ilizuia uganga wa kibiashara wa watu binafsi, na hospitali za mashirika ya dini zikabaki.

Nachingwea ya miaka hiyo ilikuwa pia makao ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO. Samora Machel, aliyeongoza kambi ile, alikuwa muuguzi kwa taaluma kabla ya kuwa mwanajeshi. Msumbiji ilipata uhuru Juni 1975, na tarehe 24 Julai mwaka huohuo serikali yake ilitaifisha huduma za afya. Wazo kwamba mgonjwa asiombwe fedha mlangoni lilivuka Ruvuma pamoja na watu waliokuwa wameishi miongoni mwetu.

Lakini msomaji asidhani kwamba tiba bila malipo ilikuwa tiba ya kila kitu. Nchi maskini ililazimika kuchagua. Mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya kwanza ya dawa muhimu, na katika miaka ya 1980 Tanzania, kwa msaada wa Denmark na UNICEF, ilianza kupeleka dawa vijijini kwa masanduku yaliyofungwa tayari. Kila zahanati ilipata sanduku lake lenye dawa zilezile kwa kiasi kilekile. Ulikuwa mpango wenye busara, nao uliokoa maisha ya watu wengi. Hata hivyo, sanduku lilijazwa kwa kufikiria matukio: homa imekuja, itibiwe; mtoto anaharisha, apewe chumvi; kidonda, kisafishwe. Mgonjwa wa kichwa alipewa aspirini au paracetamol na kurudishwa nyumbani, na ikiwa alikuwa na dalili nyingine yoyote ya homa, alipewa dawa ya malaria.

Wakati huohuo sayansi ilikuwa imekwenda mbele kimyakimya. Dawa ya propranolol, iliyobuniwa na James Black nchini Uingereza katikati ya miaka ya 1960 kwa ajili ya wagonjwa wa moyo, iligundulika kwa bahati kuwa inapunguza kipandauso: mwaka 1966 iliandikwa habari ya mgonjwa wa moyo ambaye vichwa vyake vilipungua alipokuwa akiitumia. Amitriptyline, iliyotengenezwa kwa ajili ya sonona, nayo ilionekana kusaidia. Kwa hiyo, mwaka mmoja kabla ya Azimio la Arusha, dalili ya kinga ilikuwa tayari imeandikwa. Kuifikisha kijijini ni habari nyingine.

Mlango wenye ada

Mwaka 1993 serikali ilianza kuchangisha gharama za matibabu, ikianzia hospitali za juu na kushuka kuelekea za wilaya. Vita ya Kagera, kuanguka kwa bei za mazao na masharti ya wakopeshaji vilikuwa vimeikausha hazina. Mwaka huohuo ilitungwa sheria iliyoanzisha Bohari ya Dawa. Wilaya ya Ruangwa yenyewe ilimegwa kutoka Nachingwea katika muongo huo wa 1990, kwa maana hiyo ni wilaya iliyozaliwa ndani ya zama za uchangiaji. Haikuwahi kuijua tiba bila malipo ikiwa na jina lake.

Uchangiaji ulikuja na misamaha: watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee wasiojiweza, na wagonjwa wa magonjwa sugu yaliyotajwa kama kifua kikuu, ukoma na UKIMWI. Kipandauso hakikuwa miongoni mwake. Si kwamba mtu aliketi mezani akakikataa. Hakuna aliyekitaja. Mwanamke wa miaka 35 asiye mjamzito, asiye na kifua kikuu, mwenye jembe mkononi, alikuwa ndiye hasa mtu ambaye mfumo ulimtegemea alipe.

Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa Igunga katikati ya miaka ya 1990 na kupewa sheria mwaka 2001, mwaka uleule Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza kuwahudumia watumishi wa umma. Hapo ndipo palipojitokeza tofauti ambayo tunaishi nayo hadi sasa. Mwalimu wa shule ya msingi Ruangwa mjini hukatwa mchango wake kila mwezi kabla mshahara haujamfikia. Jirani yake mkulima hutakiwa kutoa fedha taslimu kwa mkupuo mmoja. Katika mfuko ulioboreshwa, ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita. Kiwango hicho hakikuwa kikubwa. Ila kilidaiwa siku ambayo huenda fedha haikuwapo.

Bei ya kidonge na bei ya njia

Sasa tufike kwenye dawa yenyewe. Propranolol ni dawa ya zamani. Haki ya ugunduzi wake imekwisha, inatengenezwa na viwanda vingi, nayo imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu, ikitajwa wazi kwa kazi ya kukinga kipandauso. Amitriptyline nayo imo katika orodha hiyo kwa matumizi mengine. Ni dawa za bei nafuu. Zina masharti yake: propranolol haimfai mwenye pumu, na haifai kuachwa ghafla, kwa hiyo haipasi kununuliwa kiholela. Lakini kwa bei ya kidonge kimoja kimoja, haziwezi kumfilisi mtu.

Kwa kulinganisha, mwezi Mei 2018 Marekani iliidhinisha erenumab, sindano ya kwanza ya kundi jipya la dawa zilizobuniwa mahususi kwa ajili ya kukinga kipandauso. Bei yake ya orodha ilikuwa dola 6,900 kwa mwaka, yaani zaidi ya shilingi milioni 15 kwa viwango vya wakati ule. Novemba ya mwaka huohuo serikali yetu ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Mkulima wa Nachingwea angehitaji zaidi ya tani nne na nusu za korosho ili kukinga kichwa kimoja kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo tusijadili sindano hizo leo. Tujadili kile kinachowezekana.

Kinachowezekana kina gharama zake zilizofichika. Tumchukue, kwa mfano tu, mama mkulima wa kijiji kimoja cha Mbekenyera. Kwanza lazima ugonjwa wake upewe jina. Kwa miaka mingi kichwa chake kilihesabiwa kuwa malaria. Kipimo cha haraka kilipoenea katika zahanati, majibu yakaanza kurudi kwamba hana malaria. Ni hatua kubwa, ila baada ya jibu hilo mara nyingi hakuna swali linalofuata. Anapewa dawa ya maumivu. Akiishiwa, ananunua nyingine katika duka la dawa muhimu. Akifikia kumeza dawa hizo nusu ya siku za mwezi, zenyewe huanza kuleta maumivu mapya ya kichwa, na hapo fedha yake inanunua ugonjwa.

Akibahatika kumpata daktari anayekitambua kipandauso, pengine hospitali ya wilaya, Nyangao au Ndanda, ataandikiwa dawa ya kila siku. Ikiwa ni vidonge viwili kwa siku, ni vidonge 730 kwa mwaka. Akipewa vya mwezi mmoja mmoja, atasafiri mara 12. Kila safari ni nauli ya bodaboda au basi, siku moja ya kazi iliyopotea, na mara nyingi mtu wa kumsindikiza. Ni siku 24 za kazi kwa watu wawili, ili kupata dawa ambayo bei yake huenda ikawa ndogo kuliko nauli. Na akifika dirishani akaambiwa dawa imekwisha, hesabu inaanza upya.

Kalenda mbili

Hapa ndipo ninapoiona hoja kuu. Uchumi wa Nachingwea na Ruangwa ni uchumi wa msimu. Korosho huuzwa kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa mwaka, ufuta huingia katikati ya mwaka, mbaazi hufuata. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika kwa korosho mwaka 2007, mkulima hupeleka mazao kwenye chama chake cha msingi, husubiri mnada, kisha husubiri malipo. Chama kikuu cha RUNALI, ambacho jina lake limeunganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kimejengwa juu ya kalenda hiyo. Msimu wa 2018/2019 ulitukumbusha jinsi ilivyo rahisi kuyumba, pale malipo ya baadhi ya wakulima yalipochelewa kwa miezi.

Kinga ya kipandauso ina kalenda nyingine. Daktari hawezi kujua kama dawa inafaa kabla ya miezi miwili au mitatu. Ikifaa, huendelea kwa miezi sita hadi mwaka, kisha hupimwa kama inaweza kupunguzwa. Tuseme yule mama ameanza dawa mwezi Novemba, korosho zilipolipwa. Desemba ana fedha. Januari ada na sare za watoto zinadai. Februari akiba imekwisha, mvua inanyesha, barabara zimejaa tope, na shamba linahitaji palizi. Anaacha dawa wakati uleule ilipokuwa inaanza kuonesha kazi. Atasema, kwa haki kabisa, kwamba alitumia dawa ya hospitali na haikumsaidia. Mganga wa kienyeji anayesubiri mavuno atakuwa na hoja nzuri kuliko daktari.

Nirudi nyuma kidogo. Mpango wa karanga ulitibu mfanyakazi ili arudi kazini. Sanduku la dawa lilitibu tukio. Ada ya mwaka 1993 ilitoza kwa kila ziara. Mfuko wa jamii ulidai mchango kwa mkupuo. Mifumo hii minne inatofautiana sana katika siasa yake, na sitaki kuilinganisha kana kwamba ni sawa. Miaka ya tiba bila malipo ilikuwa na utu ambao miaka iliyofuata haikuwa nao. Lakini yote ilifanana kwa jambo moja. Hakuna hata mmoja uliomfikiria mtu ambaye si mgonjwa leo, lakini atakuwa mgonjwa wiki ijayo asipomeza kidonge asubuhi hii.

Yanayowezekana

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Sheria ya namna hii huishi au hufa katika mambo madogo ya utekelezaji, na watumishi wa umma wanaosoma makala haya wanaweza kuyagusa bila kusubiri ufadhili mkubwa.

La kwanza ni dawa ya miezi mingi. Nchi hii imekwishajifunza kumpa mtumiaji wa dawa za UKIMWI aliye imara dawa za miezi kadhaa kwa mara moja. Aliyezoea propranolol bila madhara anaweza kufanyiwa vivyo hivyo. Safari 12 zingekuwa nne, na siku za kazi zinazopotea zingepungua kwa theluthi mbili.

La pili ni mahali dawa inapopatikana. Ikiwa daktari wa hospitali ameanzisha tiba, hakuna sababu ya msingi kwa nini zahanati ya kijiji isiagize dawa ya kuiendeleza kutoka Bohari ya Dawa. Zahanati sasa huagiza kulingana na mahitaji; lakini mahitaji yasiyoandikwa hayaagizwi. Kichwa kinachoandikwa daftarini kuwa maumivu ya kichwa tu, mwezi baada ya mwezi, hakimwambii mtu yeyote kwamba kijijini kuna wagonjwa kumi wa kipandauso.

La tatu ni mchango wa bima kufuata mavuno. Vyama vya msingi hukata makato mbalimbali katika malipo ya mkulima. Kwa ridhaa yake, na kwa uwazi, mchango wa kaya unaweza kukatwa siku ya malipo ya korosho, kama unavyokatwa katika mshahara wa mwalimu. Najua wapo watakaohofia makato zaidi, na historia ya ushirika kusini inawapa sababu ya kuhofia. Ndiyo maana nimesema kwa ridhaa, na risiti iwe mkononi mwa mkulima siku hiyohiyo.

Wanafunzi wangu huniuliza kwa nini mhadhiri wa masuala ya siasa anajishughulisha na maumivu ya kichwa. Nawajibu kwamba bajeti ya afya ni maandishi ya kisiasa, na njia nzuri ya kuyasoma ni kumtafuta mtu ambaye hayakumtaja. Nachingwea na Ruangwa wapo wengi. Mwezi wa Februari, wakati wa palizi, wako ndani ya nyumba mchana, madirisha yamefungwa, na majirani wanapita wakisema kwamba shamba la fulani mwaka huu limeshindwa.